Siafu na Mgunga wa Mama Pacha

Jina la Siafu alipewa akiwa darasa la pili, na halikutokana na udogo wake. Asubuhi moja mstarini mwenzake alimvuta nywele. Yeye akanyamaza. Akasoma, akacheza, akala, na kengele ya kwenda nyumbani ilipolia akamfuata yule mwenzake taratibu na kumng'ata bega. "Siafu huyo!" watoto wakapiga kelele, na jina likaganda. Sasa alikuwa darasa la saba na hang'ati watu tena, lakini ile tabia ya kufuga kinyongo hadi kiive alikuwa nayo vilevile.

Aliishi na bibi yake, mama wa mama yake, katika nyumba ya vyumba viwili kwenye mtaa wa mwisho wa mji, pale ambapo barabara inakwisha na milima mikavu inaanza. Bibi alikuwa mgema wa gundi. Huko milimani kwenye mawe na mchanga hakuna mti unaokubali kuishi ila mgunga. Mgema huupasua gome kidogo kwa kishoka, kisha huuacha. Wiki chache baadaye utomvu huwa umetoka na kukauka kuwa madonge ya rangi ya asali. Madonge hayo hupelekwa ghalani, kisha viwandani, kutengenezea peremende na dawa. Kila familia ina miti yake, na kila mti una kitambaa cha rangi ya familia ili watu wasigombane. Rangi ya Bibi ilikuwa buluu. Ya jirani yao, Mama Pacha, ilikuwa njano.

Kila siku alfajiri Siafu alifagia ua, akachota maji, akabandika chai. Bibi aliketi kizingitini na ungo mapajani, akichambua gundi. Kazi hiyo hakumwachia mtu.

"Bibi, nikusaidie?"

"Unisaidie nini? Nenda kasome. Mtihani hautakuuliza habari za gundi."

Ijumaa hiyo Bibi alimkorogea Siafu chai yake. Siafu akapiga funda moja, uso ukamkunjamana. Chumvi! Bibi akacheka mpaka ungo ukatikisika. "Nilikuwa napima kama umeamka," alisema.

Alasiri walipeleka gunia ghalani. Foleni ilikuwa ndefu, kwa hiyo watu waliyapanga magunia yao ukutani, wakaenda kukaa kivulini. Gunia la Bibi lilisimama ubavuni mwa gunia la Mama Pacha. Siafu akaenda bombani kunywa maji. Aliporudi alimkuta Mama Pacha ameinama juu ya gunia la Bibi, mkono umo ndani. Mama Pacha akainuka upesi, akaufuta mkono kwenye nguo, akaenda moja kwa moja kwa mtunza ghala na kumnong'oneza sikioni. Walipokuwa wakinong'ona, wote wawili walimtazama Bibi.

Zamu yao ilipofika, mtunza ghala hakuliweka gunia kwenye mizani. Alilimwaga lote juu ya turubai. Katikati ya madonge ya rangi ya asali yakaonekana madonge mekundu, karibu kuwa meusi. Watu wakaguna. Hiyo ilikuwa gundi ya mgunga mwekundu. Ni chungu, haina kazi, na kiganja kimoja tu kinatosha kuharibu gunia zima.

"Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji!" mtunza ghala akatangaza ili foleni nzima isikie. "Mwaka jana tulikusimamisha hapa hapa tukakupigia makofi. Kumbe ulikuwa unatuandalia haya?"

"Mimi sijachanganya," Bibi alisema kwa sauti ndogo.

"Basi imejichanganya yenyewe! Imetembea kwa miguu ikaingia guniani!"

Watu wakacheka. Wengine walikuwa watu waliokula nyumbani kwa Bibi mara nyingi tu, nao wakacheka.

"Msimu huu usiniletee tena gunia hapa," mtunza ghala alimalizia. "Anayefuata!"

Ghala lilikuwa hilo moja tu mji mzima. Bila ghala, gundi ni uchafu wa kukaa ndani ya nyumba, na kwa Siafu na Bibi gundi ndiyo ilikuwa chakula, sare, taa na kila kitu. Lakini siyo njaa iliyomchoma Siafu. Kilichomchoma ni kile kicheko. Walipokuwa wakirudi, Bibi aliinamisha kichwa njia nzima na kujikwaa mara mbili. Walipofika alijilaza akaelekea ukutani.

"Bibi, ni Mama Pacha. Nilimwona kwa macho yangu, mkono wake umo guniani."

"Mwache," Bibi alisema.

"Nimwache vipi? Ametutilia gundi mbaya! Amekuaibisha!"

"Nimesema mwache."

Siafu akatoka nje, damu inamchemka. Alimwelewa Bibi hivi: anamjua mbaya wake, ila roho yake ni nzuri mno. Basi vizuri. Roho ya Siafu haikuwa nzuri kiasi hicho. Ng'ambo ya ua alimsikia Mama Pacha akiwaimbia wanawe wakioga, na kila neno la wimbo ule lilimwingia kama mwiba. Anaimba! Ametutilia mchanga kwenye kitumbua chetu, sasa anaimba!

Kuna jambo moja ambalo kila mtoto wa mgema hukatazwa kabla hajaruhusiwa kushika kishoka. Ukipasua gome kidogo, mti unakupa gundi. Ukibandua gome kuuzunguka mti wote, umeuvisha pete, na mti uliovishwa pete hufa wima. Siafu alilala akiifikiria pete hiyo. Kabla usingizi haujamchukua alikuwa ameshachagua ni mti upi wa Mama Pacha ataanza nao.

Jumamosi asubuhi alimwambia Bibi anakwenda kujisomea kwa rafiki. Uongo ulimtoka laini kabisa. Alikuwa amekivingirisha kishoka ndani ya nguo kuukuu, akachukua chupa ya maji na viazi viwili vya kuchemsha, akaingia milimani peke yake.

Hakuwahi kwenda huko peke yake. Misimu iliyopita, kabla ya mambo ya mtihani, alitembea nyuma ya Bibi, akitazama visigino vyake na kupiga porojo, kwa hiyo njia hakuijua, alivijua visigino. Alipofika kwenye korongo la kwanza alishika mkono wa kulia, maana hasira ilikuwa inamsukuma na hakutaka kusimama kufikiri. Akapanda, akateremka, akapanda tena. Kila kilima kilikuwa na mawe yaleyale ya kahawia na mchanga uleule unaoteleza chini ya kandambili. Jua lilipanda. Mijusi ilimtazama kutoka juu ya mawe, ikatikisa vichwa na kukimbia.

"Nitaifikia tu," alijiambia kwa sauti, na sauti yake mwenyewe ikamtia ujasiri. "Imbeni tu huko nyumbani. Imbeni!"

Alizunguka sana. Alipita chini ya mwamba mmoja, na muda si mrefu akajikuta chini ya mwamba uleule, akaona aibu ingawa hapakuwa na mtu wa kumcheka. Alikula kiazi kimoja. Nusu ya maji ilikuwa imekwisha. Mtu mwenye akili angegeuka hapo, lakini kinyongo hakina akili, kina miguu tu. Akapanda ukingo mwingine, na huko ng'ambo, kwenye bonde jembamba lililojaa migunga, akaviona vitambaa vya njano vikipepea.

Mti aliouchagua ulikuwa mkubwa kuliko yote, shina lake nene na laini, matawi yametanda kama mwavuli. Siafu alikivua kishoka nguo yake, akakipiga kwenye gome.

"Hii ya turubai!" alisema. Akapiga tena. "Hii ya kicheko! Hii ya kunong'ona!"

Gome lilibanduka kwa ukanda mpana, na chini yake mti ulikuwa mweupe na wenye majimaji. Akauzunguka huku akikata na kuvuta, jasho likimchuruzika hadi machoni, na acha tuseme ukweli, alisikia raha. Ilikuwa raha tamu kuliko alivyotazamia. Pete ilipokutana mwisho na mwanzo, alirudi nyuma akaitazama kazi yake, akatabasamu. Kisha akaenda kwenye mti wa pili.

Alikuwa ameshainua kishoka alipoyaona makovu kwenye mti huo. Yalikuwa mapya, ya msimu huu, nayo yalilalia upande usio wa kawaida. Wagema wote wa mji ule walitumia mkono wa kulia isipokuwa mmoja. Bibi hutumia kushoto, na makovu yake hulala kinyume na ya watu wote. Siafu alikuwa ameyaona tangu utotoni. Angeyatambua hata gizani kwa vidole.

Akatazama juu. Kitambaa kilikuwa cha njano. Akatazama chini. Makovu yalikuwa ya Bibi.

"Bibi anagema miti ya watu?" alijiuliza. Bibi, ambaye akiokota sindano ya mtu njiani harudi nayo nyumbani kabla ya kumtafuta mwenyewe! Alikwenda mti wa tatu. Makovu ya Bibi. Wa nne hakuna, wa tano yapo. Akaanza kuyafuata kama mtu anayefuata nyayo, akavuka bonde, akazunguka jiwe kubwa, na huko akakuta vitambaa vya buluu.

Vilifungwa vizuri, kwa fundo la Bibi. Lakini miti yenyewe ilikuwa migunga myekundu. Mmoja, na mwingine, na mwingine, yote imepasuliwa kwa ustadi, na kwenye kila kovu lilining'inia donge jekundu lenye weusi. Miti miwili ya kweli, myeupe, ilisimama hapo karibu bila kitambaa wala kovu. Na mbele zaidi palikuwa na kisiki. Mti uliokufa zamani, mkavu, usio na jani hata moja. Bibi alikuwa amekifunga kisiki hicho kitambaa cha buluu na kukipasua mahali patatu, kwa uangalifu, kisha akakiacha kitoe gundi.

Siafu alikaa chini mchangani. Alikikumbuka kikombe cha chai yenye chumvi. Akakumbuka Bibi alivyojikwaa njiani, na jinsi alivyoukataa msaada wa kuchambua gundi kila siku.

"Bibi haoni," alisema. Hakuna aliyetia kitu guniani. Gundi mbaya ilitoka hapa, mkononi mwa Bibi mwenyewe.

Mara akaukumbuka ule mti mkubwa.

Alikimbia. Kandambili moja ilikatika ukanda, akaiacha hukohuko. Aliufikia mgunga wa Mama Pacha, akaokota yale maganda, akaanza kuyarudisha kwenye shina kipande kwa kipande, yakawa yanaanguka. Ndipo akamwaga maji yake yote mchangani, kwenye udongo ulio chini ya mti, akakanda tope, akaupaka mti pale palipo uchi, akabandika maganda na kuyafunga kwa ile nguo ya kishoka. Alikuwa analia kwa sauti. Alipomaliza, chupa ilikuwa tupu na jua lilikuwa bado kali.

Kurudi kulikuwa adhabu. Ulimi ulimkauka, mguu mmoja ukawa unaungua. Hakuthubutu tena kufuata makorongo. Alipanda kilele kilichokuwa kirefu kuliko vingine na kuzunguka pande zote taratibu mpaka akaona bati la ghala linang'aa kwa mbali. Akaenda upande huo bila kupinda, hata penye miiba. Alipofika mtaani hakwenda nyumbani. Alisimama mlangoni kwa Mama Pacha, ambaye alikuwa akifua sare za wanawe.

"Shikamoo, Mama Pacha."

"Marahaba. Ee! Umetoka wapi na hali hiyo? Hebu kunywa maji kwanza."

"Nimeukata mgunga wako," Siafu alisema kabla hajapokea kikombe. "Ule mkubwa. Nimeuvisha pete."

Mama Pacha akaiacha nguo ikazama kwenye beseni.

"Kwa makusudi?"

"Kwa makusudi. Nilidhani umemtilia Bibi gundi mbaya. Nilikuona guniani, halafu unanong'ona."

Mama Pacha aliingia ndani. Alipotoka alimwonyesha kiganja kilichojaa madonge mekundu. "Haya ndiyo niliyokuwa nayatoa na kuyafunga kwenye nguo," alisema kwa hasira. "Nikaona ni mengi, siwezi kuyamaliza. Nikamwomba mtunza ghala, tafadhali, huyu mama mpime mwisho ili nimchambulie, macho yake siyo mazima. Yeye akasikia gundi mbaya tu, mengine hakuyasikia. Na wewe ukaona mkono tu."

"Na miti yako aliyoigema..."

"Nimeiona. Nilinyamaza. Ningemwambia nini, mwizi? Mtu aliyenifundisha kazi?" Akamtazama Siafu kwa jicho kali. "Unajua kwamba kwa desturi yetu nina haki ya kwenda sasa hivi kuivisha pete miti miwili ya kwenu? Na natamani, nakwambia kweli. Mkono unaniwasha."

Siafu aliinama. "Ikate, Mama Pacha. Ni haki yako."

"Halafu iweje? Mimi nikate yenu, wewe uje kukata yangu, wanangu wakikua wakate ya wanao? Tutabaki na mawe!" Akashusha pumzi, akampa kikombe. "Kunywa. Msimu huu wote, kila Jumamosi utanifanyia kazi. Na sasa hivi tunakwenda kwa bibi yako, wewe utasema na mimi nitakuwa nyuma yako."

Bibi alisikiliza kila kitu akiwa ameketi kitandani. Habari ya mti ilimkasirisha. Habari ya macho aliikataa.

"Vumbi tu hilo. Milima ina vumbi."

"Bibi," Siafu alisema, "umekifunga kitambaa kisiki."

Hapo Bibi akaushika mkono wa mjukuu wake. "Nikisema sioni, nani atanishika mkono kwenda milimani? Ni wewe. Na shule utaiacha. Nilisema acha umalize mtihani kwanza, ndipo nipofuke."

"Mficha maradhi, kilio kitamuumbua," Mama Pacha alisema. "Jumatatu tunakwenda kwa daktari, mama, hata kama ni kukubeba mgongoni."

Daktari wa macho alimmulika kwa kurunzi ndogo na hakuchukua muda. "Ni mtoto wa jicho," alisema. "Macho yote mawili. Ukungu umeota nyuma ya mboni. Siyo uchawi wala vumbi, wala hauondoki kwa dawa za kuosha. Tunautoa kwa upasuaji mfupi, na mtu anaona tena. Wengi wanaopofuka kwa ugonjwa huu wanapofuka kwa sababu ya kuona haya kusema."

Wakati Bibi akingoja upasuaji, Siafu na Mama Pacha walilichambua gunia lile upya, donge moja moja, wakalirudisha ghalani. Mama Pacha alieleza yote mbele ya foleni, bila kunong'ona safari hii. Mtunza ghala akalikagua, akalipima, akakuna kichwa. Jioni alikwenda mwenyewe kumwomba Bibi msamaha.

"Nimekusamehe," Bibi alimwambia. "Lakini ulinitukana mbele ya watu, na unaniomba radhi chumbani?" Kesho yake mtunza ghala alirudia maneno yale yale ghalani, mbele ya foleni, kofia mkononi, na Bibi akayasikiliza mpaka mwisho bila kuharakisha hata kidogo.

Bandeji ya jicho la kwanza ilipoondolewa na daktari akatoa ruhusa, Bibi alitaka kwenda milimani. Walikwenda watatu. Alitembea mbele kwa mwendo wake wa zamani, akitaja kila jiwe. Walipofika bondeni akasimama mbele ya mgunga mkubwa wa Mama Pacha. Tope lilikuwa limekauka na kupukutika. Upande mmoja gome lilikuwa limeshika, na matawi ya juu yake yalikuwa na majani mabichi. Upande mwingine wote ulikuwa umekauka.

Bibi aliupapasa mti, kisha akamgeukia mjukuu wake.

"Mimi nilikuwa na mtoto wa jicho," alisema. "Nilifunga kitambaa kisiki, nikajaza gundi mbaya guniani, watu wakacheka, na walikuwa na sababu ya kucheka. Wewe macho yako mazima. Ulimwona Mama Pacha mchana kweupe, hatua chache kutoka ulipokuwa. Kwa nini hukuona alichokuwa anafanya?"

Siafu alifikiri. Angeweza kusema alikuwa mbali, au kwamba jua lilimpiga usoni.

"Sikutaka kuona, Bibi," alisema. "Nilitaka kulipiza."

"Basi hilo ulikumbuke. Ugonjwa wangu una daktari. Wa kwako dawa yake ni kuuliza, na dawa hiyo unaimeza kabla ya kushika kishoka, maana baada ya hapo ni haya." Bibi aliligonga lile gome kavu. "Ulikuwa na nafasi ya kumuuliza pale pale ghalani. Neno moja tu: Mama Pacha, unafanya nini? Lingekugharimu nini?"

Siafu aliingia chini ya upande uliokauka, akaanza kukusanya matawi yaliyoanguka, na Mama Pacha akaja kumsaidia kuyafunga.